Alama ya Mkononi: Habari za Tuberkulini

Wasikilizaji wangu, asubuhi moja mwanafunzi wa chuo chetu cha ualimu alinijia, mkono wake wa kushoto ameukunjia kifuani kama mtu aliyevunjika. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amepigwa sindano ndogo ya ngozini, kwa sababu nduguye, waliyelala naye chumba kimoja wakati wa likizo, alikuwa amepatikana na kifua kikuu. Sasa mahali pa sindano palikuwa pamevimba, pamekuwa pagumu na pekundu. Akanionyesha, akasema, “Mwalimu, mimi nimekwisha.”

Nilimwambia kuwa hajaisha, walakini sikuweza kumwambia zaidi ya hayo, maana kazi yangu ni ualimu wala si uganga. Swali lake lilinikaa moyoni. Uvimbe ule husema nini hasa? Nani aliyeubuni, na kwa nini? Nikaanza kutafuta katika vitabu na kuwauliza wenye elimu hiyo, na niliyoyapata ndiyo nitakayowasimulia jioni hii. Ni habari ya dawa iliyoshindwa kuponya, ikapata kazi nyingine ambayo mwenye kuitengeneza aliiona kuwa ndogo.

Tarehe 24 Machi, 1882, katika mji wa Berlin, Mjerumani mmoja, au Mdachi kama wazee wetu walivyozoea kusema, alisimama mbele ya wataalamu wenzake kusoma maneno aliyoyaandika. Jina lake Robert Koch. Hakuwa msemaji hodari. Alikuja na meza iliyojaa darubini na vipande vya nyama ya mapafu vilivyotiwa rangi, ili kila mtu ajionee kwa macho yake. Aliwaambia kuwa katika kila watu saba wanaokufa, mmoja huuawa na kifua kikuu. Kisha akawaonyesha muuaji mwenyewe, kidudu chembamba kama kijiti, kisichoonekana kwa macho matupu. Kabla ya siku hiyo, wengi walidhani kuwa ugonjwa ule ni urithi wa ukoo. Koch aliwatoa wale vidudu katika mwili wa mgonjwa, akawakuza peke yao, akawatia katika simbilisi, wale wanyama wadogo wafugwao, nao wakaugua ugonjwa ule ule. Hapakuwa na nafasi ya kubisha.

Basi, mtu aliyemwona adui hutazamiwa amwue pia. Miaka minane ikapita. Katika Agosti ya mwaka 1890 mkutano mkubwa wa madaktari wa dunia ulifanyika Berlin, na hapo Koch akasema kwamba amepata kitu kinachozuia vidudu vile visiendelee katika mwili wa simbilisi. Tarehe 13 Novemba akapiga chapa habari za kukitumia kwa binadamu. Lakini kilichomo ndani ya chupa hakukitaja. Alikificha.

Alikuwa amekijaribu kwanza katika mwili wake mwenyewe, na habari hiyo aliiandika kwa unyofu. Alijidunga mkononi robo ya sentimita moja ya ujazo. Baada ya saa tatu au nne viungo vikaanza kumvuta, akachoka, akakohoa, pumzi ikawa nzito. Saa ya tano akashikwa na tetemeko la baridi lililodumu karibu saa nzima, akatapika, na homa ikapanda hata 39.6. Akaona tena ya kuwa mgonjwa wa kifua kikuu hupatwa na mambo kama hayo kwa kipimo kidogo mno, sehemu ndogo tu ya kile alichojidunga yeye. Neno hilo lilikuwa na thamani kuliko yote aliyoyasema mwaka ule, nalo wengi walilipita mbio, kwa sababu walikuwa wakitafuta uponyaji. Leo wako madaktari wanaosoma habari ya tetemeko lile wakasema huenda Koch mwenyewe alikuwa amekwisha kuambukizwa zamani bila ya kujua.

Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa treni, wakipanga vyumba na kungojea zamu. Pamoja nao wakaja madaktari wa kila taifa. Mmoja wao alikuwa tabibu kijana aliyekuwa akifanya kazi yake Southsea, nchini Uingereza, aitwaye Arthur Conan Doyle, yule yule mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Alikosa nafasi ya kuingia katika chumba cha mafunzo, akaazima maandishi ya daktari mmoja wa Marekani, akazunguka katika vyumba vya wagonjwa, akatazama. Kisha aliandika katika magazeti ya kwao akiwaonya watu wasikimbilie, kwa kuwa dawa ile haiui vidudu. Aliona kuwa faida yake ni kufichua ugonjwa uliojificha. Kwa kweli huyu mtunga hadithi alipata kuliko mabingwa.

Januari ya mwaka 1891 Rudolf Virchow, bingwa wa kuchunguza maiti, alieleza aliyoyaona katika miili ya watu waliofariki baada ya kudungwa dawa ile. Vidudu vilikuwa hai, na kwa wengine ugonjwa ulionekana kama umetawanywa mahali papya. Mwezi ule ule Koch akalazimika kusema siri yake: dawa ile ilikuwa mchuzi wa vidudu vya kifua kikuu vilivyokwisha kufa, uliotolewa kwa gliserini. Ikaitwa tuberkulini. Koch akaondoka Berlin, akaenda Misri.

Watu wa kwetu wamepata kumjua Koch kwa njia nyingine. Alifika Dar es Salaam mwaka 1897, na katika miaka ya 1906 na 1907 alipiga kambi katika visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria, akitibu ugonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili yenye sumu ya aseniki. Wengine waliotibiwa kwa vipimo vikubwa walipofuka macho. Nalitaja jambo hili kwa kuwa hali ni ile ile: haraka ya kuponya kabla ya kujua vema kitu hicho hufanya nini.

Tuberkulini ingaliweza kusahauliwa kabisa kama si ng'ombe. Nasema kweli. Waganga wa wanyama hawakuwa na ndoto ya kuponya. Walitaka kujua tu ni ng'ombe yupi katika zizi mwenye vidudu, kwa sababu ng'ombe huweza kunenepa na kutoa maziwa mengi hali mapafu yake yameoza, na maziwa yale huwaua watoto. Wakajaribu kumdunga ng'ombe tuberkulini na kumpima joto. Aliye mzima, joto lake halibadiliki. Aliyeambukizwa hupandwa na homa. Katika Denmark Bernhard Bang alianza mwaka 1892 kuyagawa mazizi kwa njia hiyo: walioshikwa na homa upande huu, wazima upande huu, na ndama wakalelewa mbali na mama zao wagonjwa. Nchini Marekani serikali ilianza mwaka 1917 kuwapima ng'ombe wa nchi nzima na kuwachinja wale waliopatikana. Hivyo dawa iliyowaaibisha madaktari wa watu ikawapa heshima waganga wa mifugo.

Kwa binadamu, aliyefungua njia ni daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Yeye alikuwa amezingatia sana habari za chanjo ya ndui. Aliona kuwa mtoto anayechanjwa mara ya kwanza hukawia siku nyingi kabla ya kuvimba, lakini anayechanjwa mara ya pili huvimba upesi. Akasema mwili uliokwisha kukutana na kitu si mwili ule wa kwanza tena, umegeuka. Mwaka 1906 akalitungia badiliko hilo jina, aleji, neno ambalo siku hizi hutumika kwa kupiga chafya na kuwashwa, lakini maana yake ya asili ilikuwa pana zaidi. Mwaka uliofuata, 1907, akaweka tone la tuberkulini juu ya ngozi ya mkono wa mtoto, akaikwaruza kidogo, akangoja. Hapakuwa na homa wala tetemeko. Palitokea kipele kidogo chekundu, au hapakutokea kitu.

Na hapa ndipo mambo yalipogeuka. Pirquet aliwapima watoto wengi wa Vienna, na kadiri walivyokuwa wakubwa ndivyo walivyozidi wenye kipele, hata ikawa wale wa maskini waliokaribia kubalehe karibu wote wanacho. Lakini wengi wao walikuwa wakicheza na kula kama kawaida! Je, wote ni wagonjwa? Mwaka 1909 Pirquet akalieleza jambo hilo kwa kusema kuwa pana kifua kikuu kilichojificha: vidudu vimeingia, mwili umevifungia, mtu haugui.

Watu wengine walitafuta njia zao wenyewe. Palikuwa na njia ya kutia tone la tuberkulini ndani ya jicho, ikaachwa kwa kuwa iliyaumiza macho. Palikuwa na marhamu ya kupaka kifuani. Iliyodumu ni ile ya Mfaransa Charles Mantoux, ya mwaka 1908. Yeye alitumia sindano nyembamba, akaipenyeza ndani ya ngozi yenyewe, si chini yake, hata kikatokea kipovu cheupe. Faida yake ni kuwa kipimo hujulikana. Hata leo ndivyo ifanywavyo: sehemu ya kumi ya mililita hutiwa katika kigasha, upande wa ndani; mtu hurudi baada ya saa 48 hadi 72; na mpimaji hupapasa kwa kidole akitafuta ugumu, akaupima kwa milimita. Wekundu hauhesabiwi. Mtu asiporudi siku ya kusomwa, kazi yote imepotea bure.

Tatizo lilikuwa tuberkulini yenyewe, maana kila maabara ilipika mchuzi wake, huu mkali, huu hafifu. Kazi ya kuusafisha ilimwangukia Bibi Florence Seibert wa Pennsylvania, nchini Marekani, aliyepatwa na ugonjwa wa kupooza alipokuwa na umri wa miaka mitatu na kutembea kwa kuchechemea maisha yake yote. Alijitia katika kazi ile kwa miaka mingi, akazitenga protini za vidudu na takataka nyingine za mchuzi, na fungu kubwa alilolitengeneza karibu na mwaka 1940 likaja kuwa kipimo cha dunia nzima, ambacho kwacho tuberkulini nyingine hulinganishwa. Naona ajabu kwamba watoto wetu hufundishwa jina la Koch na jina la huyu bibi halitajwi.

Kwa nini uvimbe hukawia siku mbili? Nyuki akiuma, ngozi huvimba papo hapo. Jibu lilipatikana mwaka 1945, mjini New York, kwa kazi ya Merrill Chase. Alichukua majimaji ya damu ya simbilisi waliokwisha kuambukizwa, akawatia simbilisi wazima. Ngozi zao hazikujibu. Kisha akachukua chembe nyeupe zenyewe za wale wa kwanza, akawatia wengine. Nao wakajibu tuberkulini kana kwamba wamewahi kuambukizwa. Basi kumbukumbu ya kifua kikuu hukaa katika chembe hai, nazo zahitaji muda wa kuitana na kukusanyika.

Nilimweleza mwanafunzi wangu kwa mfano huu. Chukua kijiji kilichowahi kuingiliwa na chui. Ukitandika uwanjani ngozi ya chui, ngozi tupu isiyo na meno wala kucha, watu watatoka na mikuki. Kijiji kisichowahi kumwona chui kitapita kando. Tuberkulini ni ngozi ile. Mikuki ikitokea, umejua kuwa chui aliwahi kufika. Hujajua kama ameuawa, au amelala pangoni, au yumo sasa hivi katika zizi la mbuzi. Hilo utalijua kwa kwenda zizini kutazama, yaani kwa kupima makohozi na kupiga picha ya kifua. Hukadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote wa dunia wamewahi kuambukizwa vidudu hivi, na katika hao ni watu 5 hadi 10 tu kwa kila 100 watakaougua maishani mwao, ikiwa kinga ya mwili wao haikuharibika.

Ikiharibika, mambo ni mengine, na hapo sindano hutudanganya kwa upande wa pili. Pirquet aliliona jambo hili tangu mwaka 1908: mtoto akishikwa na surua, kipele chake cha tuberkulini hupotea kwa siku kadhaa, kisha hurudi. Wenye mikuki wamelala na homa. Virusi vya UKIMWI hufanya hivyo kwa muda mrefu zaidi, maana huziua zile chembe zenye kumbukumbu. Mgonjwa aliyedhoofu mno, ambaye kifua kikuu kinamla kila siku, huweza kuonyesha mkono laini usio na alama. Asiyejua atamwambia, “Wewe huna neno,” naye ataenda kufa.

Chanjo nayo ilileta utata wake. Albert Calmette na Camille Guérin, katika mji wa Lille, Ufaransa, walianza mwaka 1908 kuwakuza vidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo, wakawahamisha mara 230 kwa miaka 13, hata wakapoteza ukali wao. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa Paris alipewa chanjo hiyo, BCG, ambayo watoto wetu huchanjwa wakizaliwa. Lakini kwa kuwa wadudu wa chanjo ni jamaa wa wale wabaya, mkono wa aliyechanjwa huweza kuvimba kwa tuberkulini. Je, ni chui au ni chanjo? Kwa miaka mingi madaktari walikisia.

Utata huo ulifunguliwa kwa vitu viwili. Katika mwaka 1996 ilionyeshwa kuwa BCG, katika kuhamishwa kwake, ilipotewa na kipande cha urithi wake. Na katika kipande hicho zimo protini mbili, ESAT-6 na CFP-10, ambazo vidudu vya kifua kikuu bado vinazo. Ni kama chui aliyepotewa na baadhi ya madoa yake. Jambo la pili lilitoka, mtashangaa, kwa ng'ombe tena. Karibu na mwaka 1990 wataalamu wa mifugo wa Australia walichoka kurudi malishoni siku ya tatu kusoma ngozi za ng'ombe, wakabuni njia ya kuchukua damu, kuichanganya na tuberkulini katika maabara, na kupima kitu kiitwacho interferoni-gama, ambacho chembe zenye kumbukumbu hukitoa zikimtambua adui. Njia hiyo ikahamishiwa kwa watu, ikakubaliwa Marekani mwaka 2001, na baadaye protini zile mbili zikachukua nafasi ya tuberkulini. Mtu huchomwa mara moja tu, na BCG haimharibii jibu. Hata hivyo swali linaloulizwa ni lile lile la Pirquet: je, mmewahi kukutana? Wanunuzi wengi wamelisahau hilo kwa sababu mashine ni ya gharama.

Lakini jambo lililonisikitisha kuliko yote ni hili. Tangu mwaka 1898, Saturnin Arloing wa Lyon alipojaribu kutambua kifua kikuu kwa majimaji ya damu, watu hawakuacha kutafuta humo kingamwili, yaani zile silaha zinazoelea katika damu, ingawa Chase alikuwa ameonyesha kuwa kumbukumbu ya ugonjwa huu haikai humo. Vipimo vya namna hiyo vikauzwa kwa wingi, hasa katika zahanati za watu binafsi za nchi maskini. Vikawaita wazima wagonjwa, na wagonjwa wazima. Julai ya mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa visitumike kabisa. Likasema kuwa zaidi ya milioni moja vilikuwa vikifanywa kila mwaka. Tangu Berlin ya mwaka 1890 zilikuwa zimepita miaka 121.

Si kwamba elimu ya kinga haiwezi kumkamata chui mwenyewe zizini. Pana kipande cha karatasi chenye kingamwili zilizotengenezwa, ambacho hutiwa matone ya mkojo wa mgonjwa; kama umo mkojoni utando wa vidudu uitwao lipoarabinomanani, mstari hutokea baada ya dakika 25. Hapa haiulizwi kumbukumbu ya mwili. Unatafutwa mwili wa kidudu. Kwa mtu mwenye nguvu kipimo hiki huona kidogo, lakini kwa mwenye UKIMWI aliyedhoofu, yule yule ambaye mkono wake ulinyamaza, huona vema zaidi. Katika uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za Afrika ya Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, na kupigwa chapa mwaka 2016, wagonjwa wa UKIMWI waliolazwa na kupimwa kwa njia hiyo pamoja na nyingine walifariki 21 katika kila 100 kabla ya wiki 8 kwisha; wale ambao hawakupimwa hivyo walifariki 25.

Mwanafunzi wangu alikwenda hospitali siku ile ile niliyomweleza mfano wa chui. Ugumu wa mkono wake ulikuwa milimita 16. Walimpima makohozi, wakampiga picha ya kifua, wasione ugonjwa. Wakampa vidonge vya kuzuia, akavimeza kwa miezi iliyowekwa, na kila wiki alinionyesha kadi yake bila ya kuulizwa. Nduguye alikuwa akitibiwa wakati huo huo. Alama ya mkononi ilififia polepole, ikabaki doa jeusi dogo, ambalo sasa yeye huwaonyesha watoto wa darasa lake anapowafundisha habari za vidudu.